Ndege Niliyoinunua ili Niivunje

Imesemwa hapa Wete, tena na watu wazima wenye akili zao, kwamba baada ya kustaafu nilishikwa na upweke nikaenda kununua kichezeo cha watoto. Maneno hayo si kweli. Nimeitumikia serikali maisha yangu yote ya utu uzima, na kama kuna jambo ninalolijua kwa yakini ni kwamba uongo usiposahihishwa mapema hugeuka historia. Kwa hiyo nasahihisha.

Kisa chenyewe kilianzia bondeni. Nyuma ya mtaa wetu kuna bonde la mpunga, na baina ya bonde hilo na bahari kuna mikoko na tuta la udongo lililojengwa kuzuia maji ya chumvi. Mke wangu ana jaruba lake huko, alilorithi kwa mama yake. Kwa misimu miwili mfululizo mpunga wake ulitoka kijani, ukafika magotini, kisha ukakauka kama uliobabuliwa na moto. Majaruba ya jirani zake yalikuwa hivyo hivyo. Maji ya chumvi yalikuwa yakipenya, wala hakuna aliyejua yanapenyea wapi, kwa sababu upande wa mikokoni tuta halipitiki kwa miguu; tope linafika kiunoni. Akaja afisa kutazama. Akatembea sehemu kavu ya tuta na viatu vyake vilivyopigwa rangi, akarudi ofisini, akaandika kwamba tuta ni zima. Maneno hayo nimeyasoma kwa macho yangu. Tuta ni zima! Vilivyokuwa vizima ni viatu vyake.

Baadaye mradi mmoja ukaipa kamati ya bonde letu ndege isiyo na rubani, ile ya kupigia picha, ili tuta litazamwe kutoka juu. Ilikuja na sharti moja. Baada ya mavuno angekuja mkaguzi kutoka Unguja. Akimkuta mwenyeji mwenye uzoefu wa kurusha, angemjaribu, na akifaulu angemkabidhi. Asipomkuta, chombo kingerejeshwa Unguja kipewe bonde jingine. Mpaka siku hiyo kikafungiwa kabatini.

Katika kikao cha kamati nilisimama nikasema kwamba mimi niko tayari kujifunza. Mwenyekiti wa kamati ni mtu niliyemwajiri mwenyewe, nikamfundisha namna ya kuandika muhtasari wa kikao usioaibisha ofisi. Alinisikiliza huku akitabasamu.

"Mzee wangu," akasema mbele ya watu wote, "chombo chenyewe kinaitwa ndege isiyo na rubani. Sasa weye wataka urubani wa nini?"

Kikao kizima kikacheka.

"Isiyo na rubani ndani yake," nikamjibu. "Rubani yuko chini, na huyo ndiye mkaguzi atakayemtafuta."

"Basi na atafute mwenye macho. Mtu wa miwani ataiona wapi ikishapaa?"

"Miwani hii ndiyo iliyokuwa ikisahihisha barua zako."

Kicheko kikahama upande. Lakini mwenyekiti hakubadilisha rai yake. Alisema ndege za kisasa zinajiendesha zenyewe, na siku ya mkaguzi yeye mwenyewe angeirusha. "Uzoefu gani tena? Wabonyeza, yapaa. Wabonyeza, yatua." Wajumbe wakakubali, kwa sababu maneno mepesi hukubalika upesi.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikazunguka uani bila ya sababu. Mke wangu alikuwa akianika karafuu kwenye jamvi.

"Mwanamme mzima kawezi kukaa kitako," akasema. "Nini tena leo?"

Nikamweleza. Aliendelea kutoa vikonyo ndani ya karafuu.

"Ukiirusha hiyo kubwa, jaruba langu utaliona?"

"Nitaliona, na maji yanapoingilia nitayaona."

"Basi kajifunze. Lakini pesa ya sikukuu ya wajukuu usiitie mkono."

Hapo ndipo mipaka ya bajeti yangu ilipowekwa. Kiinua mgongo kilikwisha kuezekwa juu ya nyumba. Kilichobaki ni akiba ndogo niliyoitenga kwa ajili ya redio mpya, ile ya zamani ikiwa imebaki kukoroma tu. Nikaamua kuiacha redio ikorome.

Nataka ieleweke vizuri nilivyofikiri, maana hapa ndipo waliponicheka zaidi. Wengi waliniambia nikope, ninunue ndege nzuri kama ile ya kabatini. Nilikataa. Mtu anayejifunza ataanguka. Hilo halina mjadala. Swali ni ataanguka na nini. Ukijifunza kwa chombo cha thamani, utakuwa ukikiogopa, na ukikiogopa utakirusha mara moja kwa wiki, tena bila ya upepo, tena mbele ya nyumba tu. Chombo cha kujifunzia sharti kiwe kile ambacho hata ukikivunja saa nne asubuhi, chakula cha mchana utakila kwa hamu.

Kabla ya kununua nilikwenda kwa sheha, kisha katika ofisi inayohusika, nikauliza kama raia anaruhusiwa kurusha kitu kama hicho uani kwake. Karani wa pale aliniuliza mara mbili kama naulizia mjukuu. Nilimjibu mara mbili kwamba naulizia mimi. Nikaruhusiwa kwa masharti: iwe ndogo, isiwe na kamera, isipite juu ya nyumba ya mtu. Masharti ya busara, na nimeyafuata yote.

Katika mji wa Konde nilikuta moja tu, imefungwa katika pakiti moja na bastola ya maji. Wete hapakuwa na kitu. Nikaenda Chake Chake, na huko Madungu nikaingia katika duka la kijana anayeuza simu na vikorokoro vyake. Alinipokea kwa heshima, akaniwekea mezani boksi lenye picha ya ndege ikipita juu ya majabali yenye theluji.

"Shikamoo mzee. Hii ndiyo yenyewe. Kamera mbili, na ukibonyeza hapa yarudi nyumbani peke yake."

"Marahaba. Nyumbani kwangu ni Wete. Itarudi Wete?"

Akacheka. "Hapana, mzee, yarudi ulipo weye."

"Itajuaje nilipo? Ina satelaiti?"

"Satelaiti... hii haina, ila yaelewa."

"Yaelewa nini?"

Akakuna kichwa, akalirudisha boksi rafuni. Mtu muungwana, nami nilimheshimu kwa hilo. Nikamwambia sitaki kamera, wala sitaki kitu kinachoelewa. Nataka ndege ambayo mapanga yake manne, yale yanayozunguka kama ya feni, yana kingo za plastiki za kuyazunguka. Nataka mapanga ya akiba yauzwayo peke yake, na betri za ziada, kwa kuwa betri ndogo haimalizi hata robo saa na mtu hajifunzi kwa kusubiri chaji. Nikauliza ikivunjika mkono nitapata wapi mwingine.

"Mzee," akasema, "wateja wote huniuliza itapaa mpaka wapi. Weye tu ndiye unayeniuliza itakavyovunjika."

"Wao wamekuja kununua kupaa. Mimi nimekuja kununua kuanguka."

Akanitolea iliyokuwa nyuma kabisa, ndogo kama kiganja, rangi ya chungwa, boksi lake limekunjamana na halina picha ya majabali. Alinifungia na betri tatu na mfuko wa mapanga, akanipunguzia bei bila ya kuombwa. Ndani ya gari la kurudi niliipakata kama yai.

Sasa mafunzo. Rimoti ina vijiti viwili: cha mkono wa kushoto hupandisha, hushusha na kuzungusha, cha mkono wa kulia hupeleka mbele, nyuma na pembeni. Kwa maneno ni rahisi. Siku ya kwanza niliipaisha kimo cha mlango, ikasogea polepole mpaka juu ya jamvi, na upepo wa mapanga yake ukazitawanya karafuu zote uani.

"Hizo mbichi!" mke wangu akapiga kelele. "Wazipepeta kabla hazijakauka? Tokomea na nyuki wako huyo!"

Nikahamia nyuma ya nyumba. Huko niliirushia kwenye mshelisheli, nikaiangua kwa mti mrefu kama shelisheli lenyewe. Niliigonga kwenye ukuta wa choo. Niliitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nikaikausha juani. Mapanga yalikatika, nikayabadilisha. Kingo zilipasuka, nikazifunga kwa plasta. Na kila ilipoanguka nilihisi jambo ambalo sikulitegemea, nalo ni furaha. Nilikuwa naharibu kitu changu mwenyewe, kwa pesa yangu mwenyewe, kwa kusudi nililolipanga.

Nilijifunza kuituliza hewani. Nilijifunza kuizungusha baina ya minazi miwili. Lakini palikuwa na jambo moja lililonishinda kabisa. Ndege ikinipa mgongo, kulia kwake ndiko kulia kwangu. Ikigeuka ikanitazama, kila kitu kinapinduka: nikisukuma kijiti kulia, inakwenda kushoto kwangu. Kichwani nilikuwa najua. Vidole havikujua. Palikuwa na kitufe cha kuondoa tabu hiyo, ambacho ukikibonyeza ndege inafuata kulia kwako wewe hata ikigeuka vipi. Nilikikataa. Niliwahi kukiulizia kama ndege ya kabatini inacho, nikaambiwa haina. Kujizoesha mkongojo utakaonyang'anywa siku ya mbio si mazoezi.

Ijumaa moja, baada ya sala, palikuwa na hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, kwa jirani. Tukakaa watu wanne kwa sinia, na mbele yangu kabisa, uso kwa uso, akakaa mwenyekiti wa kamati.

"Mzee wangu," akaanza hata kabla ya bismillahi kukauka midomoni, "ndege yako imeshataga?"

"Inaatamia," nikamwambia.

"Usiisumbue basi, isije ikaacha mayai," akasema mwingine, na sinia zima likacheka.

Mwenyekiti, akiwa bado anacheka, akanyoosha mkono kwenye pande la nyama lililokuwa katikati. Nikautazama mkono ule. Ulikuwa mkono wake wa kulia, na ulikuja kutoka upande wangu wa kushoto.

Nikaacha kutafuna.

Tangu utotoni nimekaa kwenye masinia, nikitazamana na watu wanaokula, na hata siku moja sikupata kudhani kwamba aliyekaa mbele yangu anakula kwa kushoto. Mtoto wa miaka minne hakosei hapo. Akikosea hupigwa kofi la mkono na kuelekezwa. Mkono wa kulia ni ule ambao mtu hulia chakula. Haujali umekaa upande gani wa ukumbi, na kila mlaji ana wake. Nimelitamka neno hilo mara elfu nyingi bila ya kulisikia.

Nikanawa, nikaaga. Sikungoja halua wala kahawa, jambo ambalo katika mji huu ni karibu na kutukana.

"Nyama imemuudhi," nilimsikia mwenyekiti akisema nyuma yangu.

Nilipofika nyumbani niliipaisha ndege, nikaigeuza inielekee. Sikuwaza kulia wala kushoto. Niliwaza kwamba huyu ni mgeni aliyekaa mbele yangu kwenye sinia, nikajiuliza: tonge atalichukua kwa mkono gani? Mkono ule wa kulia chakula, wa kwake yeye, ndio niliousukumia kijiti. Ikaenda pale pale nilipotaka. Nikaipeleka upande wa pili, ikatii. Nikaizungusha minazi miwili ikiwa imenielekea, kisha ikiwa imenipa mgongo, kisha nikazichanganya hali zote mbili mpaka betri ya tatu ikaisha. Mke wangu alitoka jikoni kuuliza nani ananipigia makofi. Nilikuwa najipigia mwenyewe.

Siku ya mkaguzi tulikusanyika kiwanja cha mpira. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, aliyekuja na mkeka wake mdogo wa kutulia ndege. Akauliza nani atajaribiwa. Mwenyekiti akatangulia.

"Una uzoefu wa chombo gani?"

"Bibie, hiki ni cha kisasa. Kinajiendesha."

Mkaguzi akaliandika jibu hilo. Akampa rimoti. Mwenyekiti akabonyeza, na ndege kubwa ikapaa ikasimama hewani kama iliyopigiliwa msumari. Watu wakashangilia. Akaipeleka mbele, akairudisha. Wakashangilia tena, na nakiri moyo wangu ulishuka.

"Vizuri," akasema mkaguzi. "Sasa nazima vinavyoisaidia kujituliza. Igeuze ituelekee, kisha uisogeze kulia kwake."

Mwenyekiti akaigeuza. Kisha, kwa kuwa kulia kwa ndege kulikuwa kushoto kwake yeye, akasukuma kijiti kushoto, na ndege ikaondoka moja kwa moja kuelekea waliposimama wanawake. Alipoona inakosea akasukuma zaidi upande ule ule. Wanawake wakatawanyika na mabuibui yao kama kuku walioona mwewe. Mkaguzi akamnyang'anya rimoti, akaituliza, akaishusha.

"Upepo, bibie," akasema mwenyekiti.

"Upepo wa wapi?" sauti ya mke wangu ikatoka upande wa pili wa kiwanja. "Hata ushungi wangu haujatikisika!"

Zamu yangu ikafika. Mkaguzi akaniuliza swali lile lile. Nikatoa mfuko wa plastiki, na ndani yake nikatoa ndege yangu ya rangi ya chungwa, ikiwa na plasta miguuni na kingo zilizopasuka. Watu wakaangua kicheko, na wa kwanza kucheka alikuwa mwenyekiti. Mkaguzi hakucheka. Aliipokea, akaigeuza chini juu, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo yake.

"Hii imefanya kazi," akasema. Akanikabidhi rimoti ya ile kubwa, vinavyoisaidia vikiwa bado vimezimwa.

Na hapo upepo wa kweli ukavuma kutoka baharini. Lakini mimi nilizoea kitu chepesi kama jani, kilichosukumwa na kila pumzi. Hii kubwa ilikuwa nzito na yenye adabu. Ilisogea kidogo tu, nikairudisha. Niliigeuza ituelekee, nikaisogeza kulia kwake, kisha kushoto kwake, nikaizungusha magoli yote mawili ikinitazama, ikaja taratibu ikakaa juu ya mkeka bila ya kugusa pindo. Kisha likapasuka kelele ambalo sijawahi kulisikia pale hata timu ya Wete iliposhinda.

"Jina lako kamili, mzee?" mkaguzi akauliza, kalamu mkononi.

Nikamtajia herufi kwa herufi, maana nimeona majina mengi yakiharibiwa na haraka.

Sikungoja kesho. Alasiri ile maji yalikuwa yanajaa, nami nilitaka kuliona tuta wakati bahari inalisukuma. Tukateremka bondeni, wanawake wote nyuma yangu. Ndege ikapita juu ya majaruba, ikafika mikokoni, na kwenye skrini tukaona kile ambacho hakuna mguu uliowahi kukifikia: nyuma ya mikoko iliyokatwa kwa siri ili kupata boriti, tuta lilikuwa limemeguka upana wa mlango, na ulimi mweupe wa maji ulikuwa unaingia, unapinda, unafuata mfereji wa zamani, unakuja kuishia katika jaruba la mke wangu. Alilitambua kabla yangu.

"Ndilo hilo," akasema, akiigusa skrini kwa kidole chenye unga wa mhogo. "Lile pale, langu."

Picha ile niliipeleka kwa ofisi iliyoandika kwamba tuta ni zima. Sikuongeza neno, haikuhitaji. Afisa akarudi, safari hii na buti za mpira.

Msaragambo, ile kazi ya pamoja ya watu wote, uliitwa siku ambayo bahari ingekupwa mapema. Wanaume wakaingia topeni na magunia ya udongo na miti, mwenyekiti akiwa mbele yao, tope kiunoni, kwa haki ya Mungu akifanya kazi kama watu wawili. Mikokoni mtu haoni hata hatua tano, kwa hiyo niliwaongoza kutoka juu, nikipaza sauti kila walipopotea, nao wakaitika. Walipolijaza pengo gunia la mwisho, tukangoja. Maji yakaanza kupanda. Wanawake wakanizunguka, vichwa vimegusana juu ya skrini moja, hakuna anayepumua. Bahari ikafika kwenye magunia, ikayalamba, ikapanda kidogo, ikasimama. Upande wa ndani mfereji ulibaki mkavu.

Vigelegele vilipigwa mpaka walioko topeni wakavisikia, nao wakapiga kelele zao. Betri ilikuwa inakaribia kwisha, nikaanza kuirejesha ndege. Mke wangu akanishika mkono.

"Usiishushe," akasema. "Nipitishie juu ya langu tena, nilione likiwa kavu."

Nikampitishia.